Ukosi wa Shati la Salma

Songo Songo, Kilwa

Kwa dada yangu Zuhura, Milola.

Shikamoo dada.

Najua hapo umeshaitikia marahaba kwa sauti, na kama Shemeji yuko karibu ameshauliza unaongea na nani. Mwambie unaongea na mdogo wako Bakari, yule aliyekimbia jembe akaenda kufundisha, na sasa amekimbia chaki akaenda kuwauliza watoto wa watu mambo ya moyoni. Ukishamjibu, nakuomba uingie ndani uisome barua hii peke yako. Wengine utawasomea baadaye, zile sehemu za kuchekesha. Zipo, usiwe na shaka. Mimi nikiwepo mahali, cha kuchekesha hakikosekani.

Nimeianza barua hii mara nyingi kwa namna tuliyofundishwa shuleni, kwamba mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yenu huko. Kila nikiandika, nafuta. Sababu utaiona mbele. Kwa sasa niseme hivi tu: mwili hauna neno, samaki nawala mpaka nimewachoka, na tumbo langu bado linaingia mlangoni kabla yangu. Lakini naogopa, dada. Naogopa tangu wiki iliyopita, na kinachonitia hofu kiko nyumbani kwako. Sijaja kukulaumu. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie, ukiona inafaa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu nilipiga, uliipokea mwenyewe juzi alasiri, na ndiyo maana naandika. Simu yenu mnaiweka sauti kubwa, mnaitundika kwenye msumari pale uani, na nyumba nzima inazungumza na mimi pamoja na kuku. Hili ninalotaka kukuambia si la kuku.

Basi nianze na habari za huku. Kufika kwenyewe kulikuwa mtihani. Mimi mtu wa mihogo na ufuta, maji mengi niliyoyazoea ni ya kisima cha msikiti. Boti ilipoondoka Kilwa Masoko nikajilaza chini, kichwa kwenye gunia la vitunguu la mama mmoja, nikawa nasoma kila dua ninayoijua, na nilipomaliza nikarudia zile fupi. Yule mama akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia, "Sijambo, mama, nimepumzika tu." Halafu nikatapika kwenye vitunguu vyake. Kumbuka jibu langu hilo. Utalihitaji.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu wa chuo wanaotaka kujua watoto na vijana wa pwani hii wanapata shida kiasi gani kuituliza mioyo yao. Mtoto akikasirika, inachukua muda gani mpaka arudi katika hali yake? Akiogopa, anafanya nini? Akiwa na huzuni, anajua kuwa ni huzuni, au anadhani ni tumbo? Wametunga maneno, mtoto anasomewa, naye anasema yanamhusu kiasi gani. "Nikiudhika, kazi yoyote inanishinda." "Nikiwa na huzuni, naona haya kuwa na huzuni." "Kuna wakati moyo wangu umechafuka na sijui kwa nini." Yako mengi ya namna hiyo. Ili wasitaabike, msimamizi wetu amechora ndoo nne kwenye karatasi ngumu: moja tupu, moja ina maji kidogo, moja imefika nusu, moja imejaa. Mtoto anaweka kidole kwenye ndoo inayofanana naye, mimi nabonyeza kwenye kishikwambi.

Msimamizi huyo anaitwa Neema. Ni binti wa kuweza kuwa mwanangu, ananiita Mwalimu, na ananikosoa kwa adabu kiasi kwamba nikishafika ninapolala ndipo naelewa kuwa nimekosolewa.

Majuma ya mwanzo nilijiona fundi. Nilikaa kwenye stoo ya shule, mlango wazi, watoto wanaingia mmoja mmoja, na kila niliyemsomea ni ndoo tupu. Hasira, tupu. Woga, tupu. Huzuni, tupu. Nikawa najisemea kuwa kumbe kisiwa hiki kimejaliwa. Nikamwonyesha Neema kwa majivuno.

Akapitia, akasema, "Mwalimu, watoto uliowahoji hawajawahi kukasirika tangu wazaliwe."

"Ni malezi ya kisiwani," nikamwambia.

"Na aliowahoji mwenzako? Si kisiwa hiki hiki?"

"Wa mwenzangu hawana adabu."

Akacheka, lakini kesho yake alikuja kukaa nyuma yangu kusikiliza. Baada ya watoto wawili akaniambia tutoke nje. Akaniuliza, "Mwalimu, unaanzaje na mtoto?"

"Naanza kama mtu aliyelelewa na mama yake. Namsalimu."

"Nimekusikia unavyomsalimu. Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Za shule, nzuri. Bibi hajambo, hajambo. Wadogo zako, wazima. Umemwuliza mpaka habari za mbuzi. Halafu papo hapo unamsomea kwamba moyo wake umechafuka. Ataitoa wapi nafasi ya kusema ndiyo? Ameshakuambia nzuri mpaka kwa mbuzi."

Nikamjibu kuwa mtoto wa watu huwezi kumrukia bila salamu, wazazi wake watasema nimetoka porini. Akasema hanikatazi kusalimu, ila nifikirie. Nikafikiria, dada, na nilichokipata hakikunifurahisha. Wakumbuka ulivyonipigia simu kunipa habari ya kifo cha mjomba? Nilikuuliza habari za huko. Ukasema nzuri. Nikauliza wazima wote? Ukasema wazima. Ndipo ukasema, "Ila mjomba hatunaye." Mimi sikuona ajabu. Wewe pia hukuona ajabu. Tumezaliwa tukakuta neno nzuri limewekwa mlangoni, na hakuna anayeingia bila kulikanyaga.

Hata hivyo sikubadilika. Mtu wa umri wangu akikosolewa na binti, anasema nimekuelewa, kisha anaendelea. Kilichonibadilisha ni matope.

Nilikuwa nimevuka kwenda Masoko kwa mambo ya kishikwambi, na asubuhi ya kurudi tulipofika kisiwani tulikuta maji yamekupwa, boti ikasimama mbali. Watu wakashuka wakatembea kwenye maji ya magotini kama wanakwenda sokoni. Mimi nikashuka na viatu mkononi, kishikwambi juu ya kichwa, nikapiga hatua ya kwanza vizuri. Ya pili sikuipata. Nililala chali kwenye tope, mkono mmoja juu, kishikwambi kikavu, mimi mwenyewe nimelowa mpaka masikio. Kulikuwa na wanawake wanatafuta pweza. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo uliyemlalia muache, bado mdogo." Watoto waliokuwa wanakwenda shule wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Nikaingia kwenye ile stoo nanuka bahari, suruali imegandana na miguu, na wa kwanza siku hiyo akawa binti mmoja ambaye nitamwita Rukia. Si jina lake. Tumekula kiapo cha kutotaja, na mengine ya kwake nimeyageuza ili hata ukija huku usimjue. Ni wa umri wa Salma wangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikasema, na ile treni ya salamu ikawa iko tayari kuondoka, lakini magoti yalikuwa yananiuma na sikuwa na nguvu ya kuisukuma. Nikamwambia ukweli. "Mwanangu, leo mimi si mzima. Nimeanguka mbele za watu, na hata kukutazama naona aibu."

Akaitazama suruali yangu. "Nimeona," akasema. "Watu wamecheka."

"Hata mbuzi."

"Na wewe ukacheka."

"Nikacheka."

"Lakini hukutaka kucheka."

Nikasema, "Hapana, sikutaka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu mzima aliyeelezwa jambo analolijua. Nikamsomea maneno ya kwanza. Akaweka kidole kwenye ndoo iliyojaa. Nikamsomea ya pili, na kidole hakikuondoka. Nikawa nasoma, nainua macho, kidole kiko pale pale, kimebonyeza karatasi mpaka kucha imekuwa nyeupe.

Nikafanya ninachofanyaga nikiogopa, dada, unanijua. Nikatafuta cha kuchekesha. Pindo la mtandio wake, upande wa shingoni, lilikuwa limechanikachanika, nyuzi zinaning'inia. Nikasema, "Na huo mtandio vipi? Kwenu mna panya?"

"Hapana," akasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Natafuna. Nikibana hapa kwa meno, sauti haitoki." Akaona sijaelewa, akanifafanulia kwa upole, kama mimi ndiye mtoto. "Bibi ana presha. Akinisikia nalia, itapanda."

Sikuendelea kusoma. Utaratibu wetu ni kwamba mtoto akifika hapo tunasimamisha, tunamwita Neema, na Neema akaja. Walikaa wawili mpaka darasa likatoka. Siku hizi yuko muuguzi wa zahanati anayemfuata nyumbani, na afisa ustawi wa jamii ameshazungumza na bibi yake, ambaye, kumbe, alikuwa akijua muda wote na anaogopa kumwuliza. Huyo ana watu wake sasa. Nakuandikia habari za mwingine.

Dada, sasa ukumbuke. Msimu wa korosho ulipoanza ulinipigia simu ukilalamika kuwa kuna panya nyumbani anayekula mashati ya shule ya Salma. Nguo nyingine hagusi, ukasema, anapenda ukosi tu, upande mmoja tu. Ulikuwa umenunua shati jipya na baada ya siku chache ukosi umeliwa tena. Nikakuambia huyo ni panya msomi. Tulicheka sana. Ukasema umetega mtego chini ya kitanda cha Salma, umeweka dagaa mzima, na Salma mwenyewe ndiye aliyekushikia tochi ukitega. Kila simu baada ya hapo nilikuwa nauliza habari za panya, nawe ulikuwa unajibu kuwa dagaa yuko pale pale hajaguswa, panya huyu ni mjanja kuliko wa kawaida.

Alikushikia tochi.

Neema aliponikuta nimekaa kwenye ngazi ya stoo akadhani natetemeka kwa kulowa. Nikamsimulia. Sikuweza kumdanganya, maana meno yalikuwa yanagongana. Akasema kutafuna nguo peke yake si ugonjwa, watoto wengi wanatafuna, wengine ni mazoea tu, na nisianze kumhukumu mtoto niliye mbali naye. Nikamwuliza, "Na yule ambaye ndoo zake zote ni tupu?" Akasema, "Wanaosema imejaa nawaogopea, Mwalimu, lakini angalau najua walipo. Anayesema tupu mpaka mwisho na huku anatafuna nguo, sijui nimtafutie wapi." Kisha akaniambia, kwa ile adabu yake, nisiende kumpima Salma kwa simu.

Nikaenda nikampima kwa simu. Ndiyo ile ya juzi. Sasa nikuonyeshe ilivyokuwa upande wangu, maana upande wenu mlikuwa mnamenya mihogo na mnacheka.

Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeyaandika hata kiganjani maneno ya kumwambia. Ukamwita, nikasikia miguu yake, nikasikia, "Shikamoo baba." Nikaitikia, na mdomo wangu wenyewe, ambao nimeulisha miaka yote hii, ukanisaliti. Hujambo? Sijambo baba. Habari za nyumbani? Nzuri. Za shule? Nzuri. Shangazi hajambo? Hajambo. Nilikuwa najisikia naongea na siwezi kusimama, kama gari lililokatika breki mteremkoni. Na yeye anajibu kwa sauti ile nyembamba, safi, isiyo na kona. Mwisho nikasema, "Na panya je?" Mkacheka nyote huko. Nilimsikia Mama yetu akisema panya huyo ana elimu ya baba mtu. Na Salma akangoja kicheko kiishe, akasema, "Bado hajanaswa, baba."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni mimi.

Tangu hapo sina raha. Nikikaa kula naliona shati. Mchana watoto wakitoka darasani wakikimbia, natafuta shingo zao. Nimemwogopea Salma kwa mambo mengi, unajua, nyoka wa kwenye mikorosho, pikipiki za barabarani, vijana wenye simu kubwa. Sikuwahi kufikiri nitamwogopea kwa kuwa mtulivu. Na angalia jinsi tulivyousifu huo utulivu. Siku ya msiba wa mama yake kila aliyekuja alisema mtoto huyu amejikaza. Alipotoka unyagoni akina mama wakasema hakuna aliyestahimili kama yeye. Wewe umeniambia kwa furaha kabisa kuwa hasumbui, anachota maji bila kutumwa, anaamka kabla ya adhana, akiulizwa hajambo. Nami nimewasimulia wenzangu huku, nikajivuna naye, nikasema nina binti huko Milola ambaye hata chozi lake hamlijui.

Sasa ndilo linalonitisha. Mama yake amefariki, dada, na chozi lake hatulijui. Limekwenda wapi? Mtoto wa umri ule ana nguvu kiasi gani za kubana? Nafikiria siku meno yatakapochoka. Labda ataanguka darasani, watu waanze kusema ana mashetani, aitiwe ngoma. Labda ataondoka tu siku moja na ndoo ya maji asirudi, na sote tutasimama uani tukisema lakini alikuwa hajambo. Labda hakuna lolote, ni mazoea, na mimi ni mzee mwoga niliyetishwa na mtandio wa mtoto wa watu. Naomba Mungu iwe hilo la mwisho. Nitafurahi mnicheke mpaka kaburini.

Neema amenikubalia kuondoka mara mwenzangu atakapokuja kunishikia zamu, ila siku hizi bahari imechafuka na boti zinavuka kwa kuvizia. Yeye mwenyewe amepata nafasi leo, ana kikao Lindi, ndiye anayeichukua barua hii amkabidhi Shemeji pale stendi. Mimi nitakuja na boti itakayofuata, hata wakinifunga kwenye magunia. Neema ameniambia kuna watu hospitalini Lindi ambao kazi yao ni kuzungumza na watoto, na nitampeleka Salma mwenyewe, tukiwa tumeshikana mikono, yeye akinishika mimi. Mpaka hapo nitakapofika, huko uko wewe.

Nakuomba usimwulize ana nini. Akiulizwa atasema hana kitu, na akishasema amefunga. Usiite kikao. Usimwonyeshe ukosi wa shati. Kwa fundi wa mashetani msimpeleke, hata kama Shemeji ana fundi wake anayemwamini. Mama ndiye mwenye njia. Unajua wanavyotaniana yeye na mjukuu wake, anavyomwita mke mwenza na kumwambia ampishe kwa babu, na Salma anamjibu maneno ambayo mimi nikiyasema napigwa. Hapo tu ndipo nimewahi kumsikia akipaza sauti. Basi Mama asimchokoze kwa kumwuliza. Aseme yeye kwanza. Amwambie, mke mwenza, mimi leo si mzima, nimemkumbuka mama yako tangu asubuhi. Kisha anyamaze, waendelee kumenya mihogo. Hivyo ndivyo Rukia alivyofunguka, na mimi sikufanya kwa akili, nilifanya kwa tope.

Na wewe dada yangu. Hili nakuambia kwa kuogopa, maana wewe ni mkubwa wangu na umenifuta makamasi. Shemeji alinidokeza kuwa ukitaka kumlilia wifi yako unakwenda shambani, unakaa nyuma ya mkorosho wa mwisho, ukirudi unasema ni moshi wa kuni. Najua kwa nini. Hutaki Salma akuone, usimwongezee. Na yeye anatafuna shati asije akakuongezea wewe. Mwache akuone. Hata mara moja. Kama nimekukosea adabu kwa kusema hivi, nitakuja kupiga magoti, ingawa kwa sasa magoti yenyewe hayakunjiki vizuri.

Usiniletee jibu la salama kwa simu. Ukinipigia, toka uani, zima ile sauti kubwa, na nikikuuliza habari, kwa tabia yangu, niache nimalize, halafu usijibu hiyo. Nijibu nyingine.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe mnene amelala kwenye tope mbele ya wanawake wa watu na akainuka akiwa na heshima yake nusu. Shemeji Mohamedi msalimie, asiwe na haraka ya kuuza korosho. Mwanao Hadija mwambie mjomba anamletea pweza mkavu, avumilie harufu. Bi Somoe jirani, mwenye paka, mwambie nitamhitaji paka wake kwa kazi ndogo, nawe utaiona hapa chini. Salma usimpe salamu zangu. Mwambie tu baba ameanguka, na aliona aibu, na alitaka kulia akacheka. Mpe na huo kitambaa kilichofungwa na barua. Ni kanga nzito, haina jina la mtu, ni ya kwake kufanyia atakalo.

Limebaki hili, na hili lifanye leo kabla hujawasha moto. Ule mtego. Kila siku mtoto anapanda kitandani, chini yake kuna chuma kimefunguliwa mdomo, na katika nyumba nzima ni yeye peke yake anayejua kimetegewa nani. Mwite akushikie tochi kama siku ile. Utoe, uutegue mbele ya macho yake, dagaa mpe paka wa Bi Somoe. Sema tu kwamba humu hamna panya. Usiongeze neno kuhusu shati. Halafu kaa pale kitandani kwake, na kabla hajakuuliza habari yako, mwambie habari yako.

Ni mimi mdogo wako, si mzima sana,

Bakari